Magari Yanayorudi: Maisha ya Marehemu Modestus Method Shemkai, 1960–2008

Marehemu Modestus Method Shemkai alizaliwa tarehe 12 Machi 1960 katika kijiji cha Soni, wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Method Shemkai na mama Immaculate Kihiyo, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uleule. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike, Lydiah, anayeishi mji wa Richardson, ambaye aligombana naye sana na sasa hana wa kugombana naye.

Nyumba ya wazazi ilikuwa juu ya kona kali, ukipanda kutoka Mombo. Siku hizo mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki yalipita pale wakati wa Pasaka, kwenye matope ya masika, magari yakiguruma kupanda mlima na kutokomea upande wa Lushoto. Watoto wa Soni walijipanga kwenye tuta, wakipunga matawi na kupiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Modestus hakupiga kelele. Aliinua mkono mmoja tu, akauacha juu mpaka gari limepotea kabisa, kisha akamgeukia mama na kuuliza, "Yanarudi lini?" Mama alimjibu kila mara, "Mwakani, baba. Twende ukale."

Pasaka ya mwaka 1974 hayakuja. Njia ilikuwa imebadilishwa, na kila mtu kijijini alijua isipokuwa yeye, au tuseme alijua akajitia hajui. Alikaa kwenye tuta Jumamosi nzima, mvua inamnyeshea, wenzake wanamcheka. Jioni mama alimpelekea makande kwenye bakuli, akamfunika kanga, akakaa naye. Hakumwambia inuka. Lydiah alikuwa mdogo wakati huo, lakini anakumbuka alivyosema: "Huenda wamepotea njia, mama. Wakifika wakakuta hakuna mtu, itakuwaje?"

Huyo ndiye Modestus. Wengi wenu mmemjua akiwa mtu mzima, mwenye kofia na suruali yenye vumbi la zege, mkadhani ni mkaidi. Alikuwa mkaidi, ndiyo. Ila ukaidi wake ulikuwa wa kungoja.

Alisoma Shule ya Msingi Soni, akaendelea na sekondari Tanga mjini, kisha akajifunza ufundi ujenzi Moshi, alikomaliza mwaka 1981. Alifanya kazi ya barabara serikalini, mkoani Tanga, kwa miaka tisa. Hapo alipata heshima ya kuitengeneza barabara ileile ya Soni, na mama hakuacha kuwaambia majirani kwamba mwanawe amesawazisha kona ili magari yasipate sababu ya kukataa kuja.

Agosti 1991 alikuja Marekani, mjini Houston, kusoma zaidi mambo ya ujenzi, akapanga mtaa wa Sharpstown, na baada ya masomo akaajiriwa na kampuni inayotengeneza vile vipande virefu vya zege vinavyowekwa kando ya barabara kuu. Hapo ndipo bahati yake ilipomkuta. Mwaka 1997 zikaja habari kwamba mji unataka kuleta mbio za langalanga za kimataifa, magari ya kiti kimoja yenye magurudumu nje, madereva kutoka pande zote za dunia, na kwamba yatakimbia katikati ya mji, kwenye barabara zilezile ambazo watu huendea kazini. Kampuni ya Modestus ikapewa kazi ya kuzizungushia kuta. Siku alipompigia Lydiah simu kumweleza, Lydiah alifikiri kuna msiba, maana kaka mtu alikuwa hawezi kumaliza sentensi.

Mji mgeni kwa mambo hayo haukubali kirahisi. Wenye maduka walilalamika, makanisa yaliuliza waumini watapita wapi Jumapili. Waandaaji walihitaji mtu mpole wa kuzunguka na ramani, duka kwa duka, kueleza kipi kitafungwa na lini. Kampuni ikamtoa Modestus. Mgumu kuliko wote alikuwa Shuaib, Mmombasa aliyeuza mikoba na manukato.

"Hebu nifahamishe, ndugu yangu," Shuaib alimwambia. "Magari yatoka hapa, yazunguka, yarudi hapahapa. Sasa hiyo ni safari ya wapi?"

"Ndio uzuri wake," Modestus akajibu. "Kwetu yalikuwa yanapita mara moja, basi, mpaka mwakani. Haya yanarudi, Shuaib. Hujashusha mkono, yamerudi."

Shuaib alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akakubali kubandika tangazo dirishani. Yuko hapa leo, amekaa nyuma kule, na tangazo hilo anasema hakulitupa.

Mbio za kwanza zilikuwa Oktoba 1998. Lydiah alikwenda, pamba masikioni, na hakuona magari sana. Alimwangalia kaka yake. Mwanamume wa miaka thelathini na minane alisimama nyuma ya ukuta aliouweka mwenyewe, mkono juu, na kila gari lilipotokea tena kwenye kona machozi yalimtoka. Mji wote ulipotulia tena, alisema maneno manne tu: "Laiti mama angekuwa hai."

Tarehe 18 Septemba 1999 alifunga ndoa takatifu na Madeleine Kalenga, ambaye sote tunamwita Mado. Mado alizaliwa Kalemie, Kongo, na alifika Haltom City, upande wa Dallas, mwaka 1997 pamoja na mama yake, kama wakimbizi. Walikutana kwenye harusi ya watu wengine huko Dallas, wakagombea kiti, na Modestus akakubali kusimama. Harusi yao ilifanyika Houston, wiki moja kabla ya mbio za mwaka wa pili. Kuta zilikuwa zimeshawekwa, barabara nyingine bado ziko wazi. Basi msafara wa maharusi ukatoka kanisani, vimulimuli vinawaka, honi juu, tarumbeta kwenye pikapu, na bwana harusi akatoa kichwa dirishani akaamuru dereva wa mbele apite njia ya langalanga yote. Tulizunguka mara tatu. Polisi mmoja alitusimamisha, akamwona bibi harusi, akatupisha. Mado alikuwa akicheka na kumpiga mumewe kwa ua: "Modeste, chakula inapoa! Unatupeleka wapi?" Akamjibu, "Hatuendi popote, mke wangu. Tunarudi."

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Vital, Juni 2000. Vital hajamaliza hata miezi mitatu, mama mkwe akapata kiharusi huko Haltom City, upande mzima ukalala. Mado alifunga mizigo, akabeba mtoto, akaenda kumuuguza mama yake. Hapakuwa na mjadala. Modestus alisema, "Mbio za mwaka huu zikiisha, nahamia." Kutoka Houston hadi Haltom City ni zaidi ya saa nne kwa gari. Jamani, hapo ndipo lilipo donge la wasifu huu, na Mado mwenyewe ameruhusu lisemwe. Mbio zikaisha, hakuhama. Mwaka uliofuata zikawa za mwisho, barabara za mji zikachimbuliwa, kuta zikabebwa. Tukasema sasa atakwenda kwa mkewe. Hakwenda. Alisema zitarudi, na zikirudi zisikute hayupo.

Alikwenda kila mkutano uliozungumzia michezo ya mji. Alishika simu, alibisha hodi maofisini, aliwachosha watu. Haltom City alifika wikiendi moja kwa mwezi, na mfuko wa mapeasi kwa mama mkwe, maana peasi zilimkumbusha Soni. Vital alijifunza kumuuliza mlangoni, hata kabla ya salamu, "Baba, uta-stay mpaka Monday?" Lydiah alimpa kaka yake vidonge vyake mara nyingi kuhusu swali hilo. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema, "Mdogo wangu, unasema kweli." Kisha akaondoka Jumapili.

Mado hakuwa mtu wa kupiga kelele. Usiku mmoja tu, kwenye simu, alimwambia, "Modeste, magari yako inarudiaka kila dakika. Weye, mwezi muzima." Modestus alimsimulia Lydiah maneno hayo mwenyewe, na alisema yalimkaa kifuani. Alimpenda mke wake. Asidhani mtu yeyote hapa kwamba hakumpenda. Alimtamani kila siku ya miaka ile, na Mado alimtamani, na kati yao palikuwa na barabara ambayo yeyote angeweza kuipita.

Mei 2006 mbio zilirudi kweli, safari hii kwenye viwanja vya michezo kusini mwa mji, na Modestus akaitwa kusimamia kuta. Mado na Vital walikuja kuona. Mtoto alikaa jukwaani, akauliza lipi ni gari la Baba. Mado akamwonyesha kidole chini. "Baba hana gari. Baba ni ule ukuta." Alisema kwa kucheka, lakini Lydiah alikuwa kando yake na aliona macho yake. Mwaka 2007 zilifanyika tena, na baada ya hapo hazikuwekwa kwenye ratiba ya mji.

Novemba 2007 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, na madaktari wakagundua saratani ya ini, imeshasambaa. Aliificha mpaka Krismasi. Mado alipojua hakumlaumu. Februari alikwenda Houston, akafungasha nyumba ya Sharpstown, akamsaidia mumewe kuingia garini na kumzungushia blanketi. Njiani kutoka mjini Modestus alimwomba jambo moja, kama hatachoka: wapite katikati ya mji.

Mado anasema alidhani amesahau. Alikuwa amepita njia ile siku moja tu maishani, akiwa na shela. Lakini alipofika kona ya kwanza mikono ilijua pa kukata. Kona moja ilikuwa imezibwa, akaizunguka. Alipoingia mzunguko wa pili aliwasha vimulimuli, akapiga honi ile ya harusi, pii-pii-pipipii, watu wakageuka kuwatazama. Modestus alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu. "Tunaenda wapi, mama?" akamuuliza. Mado akamwambia, "Leo tunaenda. Hatuzunguke tena." Akashika barabara ya kaskazini.

Aliishi Haltom City wiki tatu na siku kidogo. Ni muda mfupi kwa watu waliongojana miaka saba na nusu, na hakuna namna ya kuusema ukawa mrefu. Mado alirudi kazini kwenye nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi, maana hapakuwa na jinsi, na jirani alikuja kukaa na wagonjwa wote wawili. Modestus aliomba kiti chake kigeuziwe dirishani. Akakaa hapo, mama mkwe upande wake, wanamenyeana mapeasi, akiangalia barabara. Gari la Mado lilipokata kona alasiri, aliinua mkono mmoja na kuuacha juu mpaka injini izimwe. Vital aliporudi shule alimuuliza lile swali lake kwa mazoea, uta-stay mpaka Monday, na baba yake akasema, "Hii na zote zinazokuja." Lydiah alikuwepo siku hiyo. Ilibidi atoke nje.

Alhamisi tarehe 6 Machi 2008, Mado alikuwa na haraka asubuhi. Modestus alimshika mkono akamwambia, "Usikawie." Mado akamtania: "Ee! Leo weye njo unaniambia nisikawie?" Wakacheka wote wawili. Alasiri alikata kona kama kawaida, akatazama dirishani. Alimwona mumewe kitini, uso umeelekea barabarani. Mkono haukuinuka. Mado alisimamisha gari palepale katikati ya njia, akajua.

Marehemu ameacha mjane, Madeleine, mtoto mmoja, Vital, mama mkwe, dada mmoja na kaka wawili huko Soni na Tanga, ambao wanafuatilia kwa simu wakati huu, mdogo wake Lydiah, wapwa, mashemeji, wafanyakazi wenzake wa zege, na rafiki yake Shuaib. Familia inawashukuru majirani wa Haltom City, wauguzi, na jumuiya za Houston na Richardson kwa kusimama nasi.

Kesho ni Jumapili ya Matawi, na wiki ijayo ni Pasaka, ya kwanza bila yeye. Tukitoka hapa, msafara hautakwenda makaburini moja kwa moja. Mado ameomba upite nyumbani kwanza, polepole, mara moja tu. Madereva muwashe vimulimuli. Kiti bado kipo dirishani na mama mkwe atakuwa amekaa kando yake. Mkipita pale, kila mmoja ainue mkono, na asiushushe upesi.

Modestus, kaka, umeshafika kwako. Mungu akupumzishe kwa amani hapa nyumbani, na safari hii ni sisi tutakaokungoja.