Herufi Nilizomtobolea Zaina

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Nimeombwa nisimame, nami si msemaji, ni mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu. Lakini Mwenyezi Mungu alinitoa shimoni, na mtu aliyetolewa shimoni akanyamaza, huyo ni mwizi wa shukrani. Alhamdulillahi!

Mimi ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Anzuani. Kwetu mwalimu huitwa fundi, na mimi nilikuwa fundi mkali. Sikupenda kuulizwa jambo mara mbili, na nilijiona najua kila kitu kinachohusu herufi.

Katika kichochoro chetu, chini ya ngome, aliishi msichana kipofu jina lake Zaina, pamoja na bibi yake tuliyemwita Koko Halima. Zaina alikuwa na miaka tisa. Chuoni alihifadhi aya haraka kuliko wenye macho, lakini moyo wake ulitaka kusoma na kuandika. Nikamwambia haiwezekani. Akanyoosha mkono, akafungua kiganja, akasema, "Fundi, niandikie hapa."

Nikamwandikia alifu kwa kidole, nikidhani namridhisha tu. Baada ya miezi michache alizijua herufi zote, na akaanza kuziunganisha. Mimi ndiye niliyeshangaa.

Ulipokuja uhuru, walimu Wafaransa wakaondoka, nami nikahamishiwa Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, kuziba pengo. Zaina alinisindikiza hadi mlangoni. "Fundi, usiniache njiani," akasema. Nikamwahidi nitarudi wakati wa likizo.

Ndugu zangu, likizo hiyo haikuja. Yakaja mapinduzi. Watumishi wa serikali tukaambiwa twende nyumbani, ofisi zikafungwa, na shule yetu ikafungwa pia. Kwenda Anzuani kulihitaji kibali, nami nilinyimwa. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Badjanani, papo hapo Moroni, kwa mshona kofia mmoja, Bi Eshati, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Nikakaa ukumbini mwake nikitazama ukuta. Msikiti wa Ijumaa ulikuwa hatua chache tu, na mimi nilisali chumbani kama mgonjwa, siku nyingine sikusali kabisa. Nasema wazi leo: nilikuwa nimemkatia tamaa Mola wangu.

Siku moja akaja Mzee Bakari, mfanyabiashara wa Mutsamudu aliyeruhusiwa kusafiri. Alileta salamu za Koko Halima. Zaina alikuwa anasahau herufi, na hakuna aliyekuwa na subira ya kumwandikia kiganjani. Koko alitaka kumwachisha kabisa, asiumie zaidi.

"Nitafanyaje?" nikamjibu. "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Bi Eshati alikuwa akitoboa matundu ya kofia, wala hakuinua kichwa. "Fundi, hili ua ninalolishona naweza kulijua kwa kidole, bila macho," akasema. "Wewe kazi yako ni kuutazama ukuta wangu?"

Niliona haya, lakini maneno yake yakaniingia. Siku zile wenye maduka walikuwa wakifungia bidhaa kwa majalada magumu ya mafaili, maana ofisi hazikuyahitaji tena. Nikaomba machache. Nikaazima sindano nene, nikatoboa herufi, kitone kwa kitone, na nukta zake nikazitoboa kwa msumari ili zijulikane. Zilinyooka kama za kitabuni. Nikazisifu mwenyewe, nikampa Mzee Bakari.

Bandarini vijana wa kamati ya mapinduzi, waliokagua mizigo, waliyainua yale majalada juani, wakauliza ni siri gani hiyo. Mzee Bakari akawaambia ni masomo ya mtoto asiyeona. Mmoja akapitisha kidole, akamrudishia.

Nikasubiri wiki nyingi. Mzee Bakari aliporudi, hakutaka kuketi.

"Mtoto amelia, Fundi. Anasema hizi si herufi ulizomfundisha. Anasema labda umechoka naye, umemtumia mchezo. Koko ameyaweka juu ya kabati. Anakushukuru, na anaomba usitume tena."

Nikapandwa na hasira. "Mimi nimeandika herufi kabla mama yake hajazaliwa!" nikafoka. "Amesahau, basi. Kosa ni lake."

Bi Eshati akaokota jalada nililojaribia kutoboa, lililobaki kwangu. Akafumba macho, akapitisha kidole, akaligeuza, akapitisha tena. Kisha akacheka hadi akaweka sindano chini.

"Fundi, umemvika mtoto kofia ndani nje."

Ndipo nikaelewa. Nilitoboa upande wa mbele, ule ninaouona mimi. Lakini vinundu vya kugusa hujitokeza nyuma, na nyuma kila kitu kimegeuka. Alifu ilibaki alifu, lakini jimu ilitazama kwingine, na maneno yakaanzia mwisho. Zaina alikuwa sahihi tangu kidole cha kwanza. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na mshona kofia! Kazi yote ile niliipima kwa macho yangu, sikuigusa hata mara moja.

Niliona aibu iliyonishusha hadi chini. Alasiri hiyo nikaenda msikitini, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nikasujudu, nikalia, nikamwomba Mola aniondolee kiburi, na asimwadhibu mtoto kwa ujinga wangu. Nilipoinuka kifua kilikuwa chepesi. Shule ilikuwa bado imefungwa na kibali sikupewa, lakini mimi nilikuwa nimefunguliwa.

Nikaanza upya, nikitoboa kwa nyuma, nikigeuza kila herufi. Kazi ngumu hiyo! Kila mstari niliukagua kwa kidole, macho nimefumba, na Bi Eshati akaukagua baada yangu. Chini kabisa nikatoboa neno moja: Nisamehe. Mzee Bakari akamsihi Koko ampe mtoto mara hii tu.

Safari iliyofuata aliniletea kipande cha jalada, kimekatwa kwa makasi butu. Lilikuwa neno moja, kwa lugha yetu, vinundu vimepinda huku na huku. Kwa Kiswahili chenu ni hivi: Sijaachwa.

Nililisoma kwa macho. Kisha nikaona haya, nikafumba macho, nikalisoma upya kwa kidole. Kuanzia hapo tulisoma hivyo, mimi Moroni na yeye Mutsamudu, mpaka nilipopata njia ya kurudi kwetu.

Ndugu zangu, namshukuru Mwenyezi Mungu, na baada yake nawashukuru waja wake watatu: mshona kofia, mzee wa safari na mtoto asiyeona. Kama kuna mmoja wenu hapa anayeutazama ukuta leo, asimkatie tamaa Mola wake. Mlango huenda uko upande ambao hajaugusa.

Kipande chenyewe ninacho hapa. Kipokeeni, mpitishiane mkono kwa mkono. Lakini fumbeni macho kwanza.