Lokesheni Si kwa Chifu: Madam Waithira Anastaafu

Baada ya miaka ishirini na sita katika chuo chetu hapa Nyeri, Madam Waithira Gicheru anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Na anaondoka akiwa ameshinda!

Alianza kama karani wa kupiga chapa. Kompyuta zilipofika alijifundisha mwenyewe, kisha akaanza kutufundisha sisi akina mama. Hakuna aliyemtuma.

Mwaka jana vijana wetu walitengeneza programu ya Kiswahili ya kujifunzia kuandika programu. Nzuri kweli, ila kuanzisha mradi mpya kulikuwa na kurasa tisa za maswali. Ukurasa wa pili uliuliza: Lokesheni? Vijana walimaanisha mahali pa kuhifadhi kazi. Lakini huku kwetu lokesheni ni eneo la chifu, kwa hivyo tukajibu vile mtu yeyote wa huku angejibu: Gatitu. Kiganjo. Mmoja aliongeza hata jina la chifu. Kompyuta ikakubali yote, na kesho yake kazi hazikuonekana. Mtu ameacha mtoto kwa jirani ndio afike darasani. Atarudia mara ngapi? Kumi na wanne wakaacha. Ofisi ikasema muhula mwingine kama huo, darasa linafungwa.

Madam alimwita Muchiri, mkubwa wa vijana hao, akamkalisha kando ya mwanafunzi asubuhi nzima, mikono mfukoni, mdomo umefungwa, atazame tu bila kusaidia. Kwanza Muchiri alijitetea ati maelezo yote yako kwenye mwongozo.

"Wewe kijana," Madam akamwambia, "wageni kumi na wanne wakikosa mlango, kosa ni la aliyejenga."

Kufikia saa nne, Muchiri alikuwa anatoa jasho kuliko mwanafunzi. Wakakaa pamoja Septemba nzima, Madam akikata, Muchiri akilalamika. Kurasa tisa zikabaki moja: andika jina la mradi, bonyeza Anza. Mahali pa kuhifadhi, kompyuta inajichagulia na kukuonyesha.

Jumatatu iliyopita wanafunzi wote ishirini na wawili walianzisha miradi. Jumanne wakaikuta. Yote! Vigelegele vilimtoa mkuu wa chuo ofisini. Alipita skrini moja moja, akatangaza papo hapo kwamba darasa linabaki.

Asante, Madam. Nanyi vijana, mkirudisha hata ukurasa mmoja, mtatupata. Madam, tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma na chai isiyopoa. Enda upumzike; sisi tuko darasani.