Dkt. Jesca Nangumba, Aliyetafuta Kipindupindu Kinakojificha

Familia imeniomba mimi, Josephu, mdogo wake marehemu, niwasomee habari za maisha yake. 

Dada yetu, Dkt. Jesca Erasto Nangumba, alizaliwa Mahurunga, Wilaya ya Mtwara, tarehe 14 Machi 1974. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mwalimu Erasto Nangumba na Mama Upendo. Baba alifundisha shule ya msingi ya pale kijijini, na Mama alilima mpunga katika bonde la mto Ruvuma.

Mwaka 1983, mvua zilipochanganya, kipindupindu kiliingia kijijini. Mdogo wetu Goodluck, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliugua asubuhi. Jua lilipozama alikuwa ameshafariki. Nyumba nyingi zilizika mwaka ule. Mvua zilipokatika, ugonjwa nao ukatoweka, na watu wakarudi mashambani. Jesca peke yake hakuridhika. Alimwuliza Baba, "Mvua zikiisha, ugonjwa unakwenda wapi?"

Baba akamjibu, "Sijui, mwanangu. Wewe soma, ukishajua uje unieleze."

Alisoma. Alimaliza shule ya msingi Mahurunga mwaka 1988, akachaguliwa kwenda sekondari Masasi, na mwaka 1999 alihitimu shahada ya kwanza ya sayansi Dar es Salaam. Shahada ya uzamivu aliipatia Morogoro mwaka 2008. Baba hakuwahi kuelezwa. Tulikuwa tumemzika Agosti ya mwaka uliotangulia, na dada alivaa joho la mahafali akiwa amenuna siku nzima.

Tarehe 6 Septemba 2003, marehemu alifunga ndoa hapa Mtwara mjini na Ndugu Godfrey Mwaisaka, karani wa bandarini, mwenyeji wa Rungwe. Shemeji anapenda kusimulia jinsi mama yake alivyokuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza. Umeme ulikuwa umekatika ofisini kwa dada, akahifadhi sampuli zake za utafiti kwenye friji ya nyumbani. Bibi huyo akafungua friji, akaona kamba wanono wa Ruvuma, akabandika sufuria jikoni. Dada akakimbia kutoka uani akipiga kelele, "Mama, hao si mboga, hao ni kazi!" Bibi akamtazama mwanawe, akauliza, "Godfrey, huku kwenu kazi huwekwa kwenye friji?"

Marehemu aliajiriwa mwaka 2000 katika kituo cha utafiti wa viumbe vya majini hapa Mtwara, akafanya kazi hapo mpaka ugonjwa ulipomzuia. Alichunguza bakteria wa mlango wa mto Ruvuma, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari katikati ya mikoko. Aligundua kwamba bakteria wa kipindupindu wanaishi mle majini mwaka mzima, hata pasipo na mgonjwa. Hung'ang'ania magamba ya kamba na kaa na kujilisha humo. Hali ikiwa mbaya kwao husinyaa na kulala, hata ukiwaotesha maabara hawaoti, ukadhani wamekwisha. Maji yakibadilika, huamka. Alijifunza pia kusoma vinasaba vyao, akaweza kutambua nani ni ukoo wa nani, kama sisi tunavyotambuana kwa sura.

Ipo habari ya kazi yake ambayo hakupenda kuisimulia, lakini Shemeji amesema isomwe.

Mwaka 2016 ugonjwa ulilipuka katika kijiji kimoja cha kando ya mto. Wiki hiyohiyo alikuwa amehamia hapo mama mmoja aitwaye Tabu, muuza dagaa aliyevuka kutoka ng'ambo ya Msumbiji akiwa na mtoto mgongoni. Watu walipoanza kufa, ikasemwa ni yeye aliyeleta ugonjwa. Nyumba yake ikachomwa moto. Akakimbilia ng'ambo kwa mtumbwi, huku mtoto wake ameshaanza kuharisha.

Dada alipopata habari, alilinganisha vinasaba vya bakteria wa wagonjwa na vya bakteria aliowatoa mtoni mwaka uliotangulia, kabla Tabu hajavuka. Walikuwa ukoo mmoja. Akaenda kijijini, akaomba mkutano, akawaambia wazi kwamba ugonjwa haukuletwa na mtu. Walikuwa wakiunywa mtoni.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ismaili, akamwuliza, "Daktari, kwa hiyo mto wetu ndio mchawi?"

"Hakuna mchawi, baba," dada akamjibu. "Kuna maji yasiyochemshwa, na kuna mama mmoja mliyemwonea."

Kesho yake alivuka mto kumtafuta Tabu ampe habari kwamba amesafishwa jina. Alimkuta amekaa mkekani, peke yake. Tabu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, dada. Kweli yako nimeipokea. Ila mwanangu nimeshamzika, na kule sirudi."

Dada alirudi nyumbani hakula. Shemeji alipomwambia kwamba amefanya alichoweza, alisema, "Nimechelewa, Godfrey. Nimejua, lakini nimechelewa." Tangu siku hiyo hakungoja majibu yakamilike ndipo aseme. Alihangaika ofisi moja baada ya nyingine mpaka kijiji kile kikachimbiwa kisima kirefu, mwaka 2019. Tangu hapo hakijazika mtu kwa kipindupindu.

Marehemu alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Mwezi Juni 2024, akichukua sampuli kwenye mikoko, alijikata mguuni kwa gamba la chaza. Kidonda hakikupona. Alilazwa hapa, kisha Dar es Salaam, na mwezi Novemba mguu ukakatwa chini ya goti. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu, na dawa hazikuwaweza. Alimwomba daktari amtajie jina lao. Alipotajiwa, alitikisa kichwa, akasema, "Hao nawafahamu. Ni wakaidi."

Wapo waliosema wadudu aliowachunguza wamelipiza kisasi. Binti yake, Elizabeti, aliyasikia hayo akalia mbele yake. Dada akamwambia, "Bakteria hana kinyongo na mtu, mwanangu. Anatafuta kula tu. Usije ukatafuta mtu wa kumlaumu kwa ajili yangu."

Alifariki dunia Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa tisa alasiri, mumewe akiwa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka hamsini.

Marehemu ameacha mume, Ndugu Godfrey. Binti mmoja, Elizabeti. Mimi mdogo wake. Na Mama yetu, Mama Upendo, ambaye leo anamzika mtoto wa pili.

Jana nilimsomea Mama maneno haya ili ayapitishe. Nilipomaliza, akaniambia nirudie kuanzia mwanzo. Nikarudia. Alipoona mwisho umekaribia tena, alinishika mkono akasema, "Josephu, ongeza kidogo."

Sikuwa na la kuongeza, Mama. Ni hayo tu.

Mungu ampokee dada yetu Jesca, na ampe pumziko lenye amani.