Rafiki Mkubwa wa Katibu

Nyuma ya stendi ya Mbinga kuna benchi la mbao za mkaratusi ambalo aliliacha fundi baiskeli mmoja alipohama, na sasa lina wenyewe. Kila alasiri Hamidu huja hapo na birika lake na jiko la mkaa. Babu yake alitoka Kilwa na ujuzi wa kahawa chungu, akaukuta mji ambao watu wake wanalima kahawa tangu enzi za mababu, wanaiuza yote, halafu wanakunywa chai. Ukoo wa Hamidu ndio uliowafundisha kunywa zao lao wenyewe, na mpaka leo wanakunja uso kwenye funda la kwanza. Anayezoea hapo hupewa kikombe, kashata na jina jipya. Placidi, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, anaitwa Katiba, kwa kuwa kwake kila jambo lina kifungu. Dastan anapandisha usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay kuja kuuza sokoni, basi anaitwa Usipa, na ukikaa upande wa chini wa upepo huhitaji maelezo zaidi. Othmar anaitwa Mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti kweli, wa kikundi cha wakulima wa kahawa huko juu, njia ya Litembo. Kijiwe kilishindwa kumpatia jina la kumtania zaidi ya hilo.

Siku hiyo Othmar alifika na simu mkononi, akakaa bila kuagiza kitu. Walipomsogezea kikombe akaimwaga shida yake yote. Kahawa ya kikundi ilikuwa ghalani, imekauka, imechambuliwa. Msimu mzima walikataa kuwauzia wengine kwa sababu mnunuzi mmoja wa Ulaya aliyewahi kuja kuionja aliahidi kuandika ni lini atatuma watu kuichukua. Mzungu huyo alikuwa anaandikiana kwa barua pepe na Salvatory, katibu wa kikundi, ambaye naye alikuwa na nafasi yake hapa benchini. Salvatory alifariki masika. Neno la siri la sanduku lake la barua pepe hakumwachia mtu, na Ijumaa gari la mwisho la wanunuzi wa hapa lilikuwa linapita kukusanya kahawa kwa bei yao. Mpaka Ijumaa, basi, Othmar alitakiwa kujua kama mzungu ameandika au hakuandika.

— Mwandikieni kwa sanduku jingine, Placidi akasema. Kuna kifungu kinachokataza?

— Anwani yake imo ndani ya hilo lililofungwa, Othmar akajibu. Na namba yake ya simu imo humo humo. Katibu alikuwa anaweka kila kitu humo, anasema ndimo hamna panya.

Njia ya kawaida alikwisha kuijaribu. Mtandao ulikuwa tayari kumtumia tarakimu za kufungulia, ila ungezituma kwenye namba ya simu aliyoandikisha Salvatory alipofungua sanduku hilo kwenye intaneti kafe ya Songea, enzi za simu za tochi. Laini ile aliipoteza miaka mingi iliyopita, na kampuni ikampa mtu mwingine. Othmar akapiga. Akapokea mama mmoja wa Tunduru. Othmar akamwamkia, akajieleza taratibu kwamba muda si mrefu ataletewa tarakimu fulani, na akiwa mtu wa huruma amsomee. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia matapeli wa siku hizi wana adabu kuliko wa zamani, akakata simu. Tangu hapo haikupokelewa tena.

Wakacheka, Othmar naye akacheka kidogo. Kisha Dastan akauliza swali ambalo lilikuwa linamkera.

— Kodi ya hilo sanduku alikuwa analipa nani?

— Hakuna kodi. Ni la bure.

— Si ndo hapo sasa. La posta tulikuwa tunalipia. Funguo ikikupotea unamfuata mtu wa dirishani, anakusema wee, mwisho anakupa nyingine. Hawa wa bure utawafuata dirisha gani?

Placidi akadakia kwamba dirisha halipo na halitakuwepo, kwa kuwa Salvatory mwenyewe alikubali hivyo. Akaeleza kwamba kabla hujapewa sanduku unaletewa maandishi marefu kama hukumu ya kesi ya ardhi, na chini yake pana neno la kubonyeza: nakubali. Hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma. Yeye mwenyewe hakuyasoma, lakini alijua yaliyomo: kwamba sanduku ni lao, barua ni zao, na wewe ni mgeni uliyekaribishwa sebuleni. Wakitaka kufunga nyumba wanafunga, wala hawaulizi kama umeacha koti ndani.

— Na wanazisoma, Hamidu akasema huku akipuliza makaa. Nilimwandikia mpwa wangu Mwanakombo kwamba goti linanisumbua. Kesho yake simu nzima imejaa dawa za magoti. Sikumwambia mtu mwingine, hata mke wangu.

Kwa hiyo, Hamidu akaendelea, kama wanalijua goti lake watashindwaje kuijua kahawa ya Litembo? Wanajua iko ghalani, wanajua Ijumaa kuna gari. Barua ya mzungu wameikalia makusudi mpaka bei ianguke. Alilisema hilo bila hasira, kama mtu anayetangaza kwamba kesho kutanyesha.

Dastan akawaambia wote wawili wanachezea pembeni. Jambo lenyewe ni mahali barua zinapowekwa. Barua za dunia nzima lazima zikae kwenye mashine, mashine zinapata moto, na moto huo unahitaji maji mengi ya baridi. Sasa maji mengi, ya baridi, yenye kina, yasiyo na papa wa kutafuna nyaya, yako wapi?

— Usituambie ni Ziwa Nyasa, Placidi akasema.

— Mimi sijasema. Mimi nauza usipa tu. Lakini usipa wamepungua, na kuna taa huwa naziona mbali kule mbele ya Liuli ambazo hazisogei. Taa ya mvuvi inasogea.

Placidi, ambaye mtu angetegemea alikatae jambo hilo, alifikiri kidogo akasema kisheria linawezekana, na pengine ndiyo maana maongezi ya mpaka wa ziwa na nchi jirani hayaishi. Hamidu akamimina duru nyingine. Wakawa na furaha kabisa, na kwa muda wakamsahau Mwenyekiti na gari lake la Ijumaa. Othmar hakuwalaumu. Shida yako ukiipeleka kijiweni lazima kwanza ichezewe.

Placidi ndiye aliyeichukua simu na kuivuta karibu na miwani yake. Akabonyeza hapa na pale, akasoma. Alisema pana mlango mwingine. Salvatory alipofungua sanduku aliachiwa swali, akalijibu, na jibu lile lile likiandikwa leo sanduku linafunguka. Ila majaribio ni matatu tu. La tatu likikosea, sanduku linafungwa moja kwa moja na kila kilichomo kinafutwa.

— Swali lenyewe?

Placidi akalitafsiri polepole. "Rafiki yako mkubwa anaitwa nani?"

Kila mtu pale benchini alilijua jibu papo hapo, na kila mtu alikuwa na lake. Placidi akavua miwani akaanza kueleza kwa unyenyekevu ambao haukumdanganya mtu. Alikumbusha kwamba Salvatory alipompata mtoto wake wa kwanza, Eliza, alitafuta msimamizi wa ubatizo kati ya watu wote wa parokia, na aliyemchagua anajulikana. Hakusubiri kupingwa. Akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, akabonyeza.

Simu ikakataa.

Alikaa akiitazama. Kisha akasema kosa ni lake, Salvatory maisha yake yote hakuwahi kumwita Placidi, alikuwa anamwita Katiba, kwa hiyo angepewa nafasi nyingine. Dastan akasema hapana, hilo jina la kijiweni halikuwepo wakati sanduku linafunguliwa, na kwamba mtu akishapimwa kwenye mizani anashuka ampishe mwenzake.

Akaisimulia ile safari yao, ambayo wote walikuwa wanaijua. Boti ilizimika injini kati ya Liuli na Mbamba Bay, mawimbi yamechachamaa, na Salvatory mtu wa milimani hajui kuogelea hata kwenye beseni. Alimshika Dastan shati kutwa nzima. Mambo aliyomwambia siku ile, Dastan akasema, hayasemwi kwa mtu ambaye si rafiki. Safari hii hakutia chumvi hata kidogo. Akaandika jina lake, akabonyeza.

Simu ikakataa tena.

— Mtandao huu, Dastan akasema.

Akacheka peke yake. Akachukua kashata, akaishika tu mkononi, hakuila.

Sasa ilibaki nafasi moja. Hamidu akawahi kujitoa kabla hajatajwa, akasema muuza kahawa anaambiwa siri za watu wote na bado si rafiki wa mtu, anapafahamu mahali pake. Basi wakamgeukia Othmar. Wala hawakuhitaji kusema neno. Yeye na Salvatory walipakana mashamba, walimwagilia vitalu vya miche kwa mtaro mmoja, walianzisha kikundi wawili kabla hajajiunga mtu wa tatu.

Othmar aliijua zamu yake tangu swali lilipotafsiriwa. Wenzake walidhani aliwatanguliza kwa heshima. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Simu ikimkataa Placidi, Placidi atarudi nyumbani atakula ugali wake, kesho atatafuta kifungu cha kumfariji. Lakini yeye ikimkataa, atapita kila siku kwenye ule mtaro akijua. Kahawa ya watu ilikuwa ghalani, na mwenyekiti wao alikuwa anafikiria moyo wake. Aliliona hilo waziwazi na lilimwaibisha, hata hivyo kidole hakikusogea.

Ndipo alipofika Asteria, mjane wa Salvatory. Alikuwa anatoka mahakamani kufuatilia mirathi, ana kikapu chenye chumvi na sabuni, anatafuta bodaboda ya kumrudisha Litembo. Wote wakasimama kumpisha. Wakampa pole, wakaulizana habari za watoto, Hamidu akampa kikombe bila kumwuliza. Halafu wakamweleza, mwanzoni wote kwa pamoja, mwishoni Placidi peke yake: mzungu, sanduku, swali, nafasi mbili zilizokwenda na moja iliyobaki. Hawakumwambia ni majina ya nani yaliyokataliwa, lakini aliwatazama usoni mmoja mmoja na pengine alijua.

— Shemeji, wewe utakuwa unalijua, Dastan akamwambia.

Asteria alifikiri kweli. Hakutaka kuwakatisha tamaa.

— Hajawahi kuniambia fulani ni rafiki yangu mkubwa. Alikuwa anaaga tu, naenda kijiweni. Anarudi, namwuliza habari za huko, ananiambia nzuri.

Akanywa kahawa yake, akakunja uso kama wengine. Kisha akamgeukia Othmar. Hakukuwa na kejeli yoyote katika sauti yake, alitaka kujua tu.

— Na wewe shemeji, wangekuuliza wewe, ungeandika nani?

Othmar akafungua kinywa. Jina lilikwisha kumjia lenyewe, kabla hajaliita, nalo halikuwa la Salvatory. Lilikuwa Ilyasi, kijana aliyelala naye kitanda cha juu na chini walipokuwa wanasoma sekondari ya Kigonsera, aliyemfundisha kuogopa vitu vichache kuliko alivyokuwa anaogopa, akahamia Lindi baada ya mtihani na wasionane tena. Miaka yote hiyo hakumtaja kwa mtu yeyote, hata kwa Salvatory. Jina la Salvatory lilikuja la pili, na lilipokuja alijisikia vibaya kama mtu aliyechelewa msibani.

Angeweza kulisema hilo la pili, na kila mtu angemwamini. Alimtazama Placidi amsaidie. Placidi alikuwa anafuta miwani iliyokwisha kuwa safi. Dastan alikuwa ameinama anaangalia kashata yake. Hata Hamidu aliuacha mkono juu ya birika bila kumimina. Kila mmoja pale alikuwa amejiuliza swali lile lile, kila mmoja alikuwa amepata jina, na Othmar aliwajua vya kutosha kuona kwamba hakuna hata moja lililokuwa la mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi lile.

Asteria alimaliza kahawa yake. Akakirudisha kikombe chini, akamshukuru Hamidu, akachukua kikapu chake.

— Mkifanikiwa kufungua, akasema, mwambieni huyo mzungu kwamba Salvatory amekufa. Asije akadhani anamdharau.

Bodaboda ikamchukua. Othmar akaizima simu akaitia mfukoni. Ijumaa gari lilikuja, kahawa ikapakiwa yote kwa bei ya hapa. Wanachama walipomwuliza habari za mnunuzi wao, Mwenyekiti aliwaambia mtandao umegoma. Ile nafasi ya tatu ipo mpaka leo. Anapita kwenye mtaro asubuhi na jioni, anaifikiria, na hajaandika jina.