Fundi Mshale na Ukurasa wa Arobaini na Saba

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Huko mwalimu wa hesabu alimpa jina la Mshale, kwa kuwa kidole chake kilikuwa juu kabla swali halijaisha. Cheti cha ufundi umeme alikipata mwaka 1981.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha mabomba ya plastiki. Alishughulikia vihisio, vile vidude vinavyopima mkondo wa umeme na kuiamuru swichi iukate mambo yakiharibika. Mwaka 1988 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili, baada ya kumtengenezea cherehani mara tatu. Iliharibika mara moja tu.

Mei 2011 kiwanda kilileta vihisio vipya. Marehemu hakuridhika kuvipima kwa umeme uliotulia. Alivipiga kwa mkondo wa ghafla. Sekunde moja ukiigawa mara elfu, kihisio cha zamani kilijibu katika sehemu nne. Kipya kilijibu katika sehemu tisini. Mkuu wa kiwanda akashuka karakana.

"Mbona kinasoma sawasawa, Mshale? Nakiona hapa!"

"Umeme ukitulia, mkuu. Hata mwongo husema kweli ukimpa muda."

"Sehemu tisini! Hapo hata kope hujapepesa."

"Kope haiunguzi, mkuu. Umeme huunguza."

Aliandika vipimo vyote katika daftari la benchi lake la kazi, ukurasa wa 47, akampa mkuu asome.

Tarehe 14 Juni 2011, saa nne asubuhi, mashine ya kusaga plastiki ilikwama. Mkondo ulipanda ghafla, kihisio kikachelewa, boksi la swichi likalipuka usoni mwa mwenzake wa benchi. Mwenzake huyo tuko naye hapa. Hajaona mwanga tangu siku ile. Ripoti ilisema ni uzembe wa fundi. Mkuu alisema hakuonywa, na kwamba daftari liliungua. Marehemu alifukuzwa baada ya miaka ishirini na tisa, sanduku lake la vifaa likatupwa nje ya geti. Tangu hapo alikwenda sokoni kwa njia ya nyuma, asikutane na waliomwita Mpofushaji. Alitaka kitu kimoja tu: daftari lile lisomwe mbele za watu.

Novemba 2022 alipata kiharusi, na majibu yake yakawa ya kukawia. Mkewe akimuuliza kama atakunywa chai, ilibidi angoje. "Nipe muda, mama watoto," alimwambia siku moja. "Nimefungwa kile kihisio kipya." Alifariki Jumanne, tarehe 7 Mei 2024, saa nane mchana.

Jumatano yake mtunza stoo mstaafu wa kiwanda alibisha hodi, daftari mkononi, limeviringishwa ndani ya gazeti.

"Niliambiwa nilichome," alimwambia mjane. "Mkono ukawa mzito. Nisamehe, dada, nimechelewa."

Amechelewa siku moja.

Ukurasa wa 47 umechapishwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi, nakala mia tatu. Vipimo ni mwandiko wa marehemu. Maneno ya chini, "Nimeona. Vifungwe," pamoja na sahihi, ni ya mkuu wa kiwanda, aliyeketi safu ya pili. Aliomba kusema machache leo. Familia imemwomba angoje kwanza. Shada lake la maua liko nje ya geti letu, kama lilivyokuwa lile sanduku.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada mmoja, na mwenzake wa benchi, ambaye hakuwahi kumlaumu hata siku moja.

Kaka yetu, daftari limesomwa. Wewe pumzika. Mwenye sahihi asipumzike mpaka aseme kweli.