Dawa ya Mgongo

Benchi la mbele ya duka la kinyozi ni kazi ya Seremala, aliyelitengeneza kabla hajaanguka kutoka juu ya paa. Siku hizi yeye ndiye hulikalia kuliko wote. Leo anamsubiri shemeji yake, kaka wa mkewe, alete jibu la fundi mkuu kama atarudishwa kazini. Kulia kwake yuko Kinyozi. Kushoto yuko Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Mbele yao Shangazi na birika la kahawa. Asubuhi hii kijana wa jirani amepelekwa tena kwenye nyumba ya kuacha dawa za kulevya, na benchi zima linajua sababu.

— Uvivu tu, alisema Kinyozi. Mwenye kazi hana muda wa kuvuta unga.

— Na wewe tangu asubuhi umemnyoa nani?

— Breki, usinichokoze.

— Hiyo ni damu, bwana. Babu yake alinusa ugoro maisha yake yote. Mtoto karithi pua.

— Pua haijipeleki. Ni yale manywele. Yanachemsha ubongo, ubongo unadai kitu cha kuupoza.

— Kwa hiyo tiba ni kunyolewa?

— Kwangu, tena kwa bei ya jirani.

Shangazi alicheka mpaka birika likatikisika. Seremala naye hakutaka kuachwa nyuma.

— Ni kukosa msimamo, alisema. Mtu akiamua kuacha, anaacha.

Shemeji akatokea.

— Hamjambo, wazee. Shemeji, fundi mkuu kakubali. Anauliza tu, mgongo umepona?

— Umepona kabisa.

Seremala alisimama, akainama, akagusa ardhi, akanyooka bila kuguna. Ulikuwa umepona kweli, tena siku nyingi. Akaketi akitabasamu, akatoa pakiti mfukoni, akabinya vidonge viwili. Zamani kilitosha kimoja. Siku hizi, asipomeza, mikono hutetemeka asiweze kushika hata msumari.

— Hivyo vya nini? aliuliza Shemeji.

— Vya mgongo.

— Si umesema umepona?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kuelewa. Kinyozi akapangusa mkasi uliokuwa safi. Vidonge vilibaki kwenye kiganja cha Seremala. Alimgeukia Breki, asiyekosa neno hata siku moja, amsaidie walau kwa uongo.

Breki alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu.