Ninakwenda Kupanda Msitu

Zimeni redio, wanangu, sogezeni viti, maana pumzi yangu ni fupi na furaha niliyo nayo ni ndefu. Bertin, mkubwa wangu, na wewe Marlène, kitinda mimba: leo hii mimi baba yenu Philippe Mukendi ninahama nyumba hii ya Kikula, nami nataka mgawane maneno yangu kabla hamjagawana vyungu.

Mnamkumbuka Harish, Mhindi aliyeniuzia vyuma miaka yote niliyokuwa mchomeleaji. Siku moja nilimkuta akimkabidhi mwanawe funguo za duka, anacheka kama bwana harusi. Akanieleza kwamba kwao maisha yana ngazi nne: mtu hujifunza, kisha huoa na kulisha nyumba, akiona mvi na mjukuu, huwaachia watoto nyumba akaenda msituni kumtafuta Mungu, na mwisho huachilia hata kile kidogo alichobaki nacho. Nilirudi nyumbani nikizihesabu ngazi zangu. Tangu nistaafu nilikuwa nakaa barazani kama gunia, nikigombana na Bertin juu ya kila bati la paa hili, na kumbe kilichokuwa kikinimaliza si uzee, ni kung'ang'ania ngazi ambayo zamu yake imepita.

Marlène, juzi ulilia, "Papa, ile ni mambo ya bapagani, utapoteza roho yako!" Mwanangu, nitazikwa na rozari mkononi, lakini mwenye kiu haulizi kisima kachimba nani.

Basi nikapanda taxi-bus hadi Kakanda, kwenye shamba la marehemu babu yenu, kuutafuta msitu wangu. Wanangu, hakuna msitu! Uchomaji makaa umekula kila mti, kilima kizima ki uchi. Nilitaka kulia, mara nikajikuta nacheka peke yangu, moyo unadunda kama wa kijana aliyekubaliwa posa: msitu wa kuingia sina, basi nitaupanda! Nitapanda miombo, ile ambayo mama zetu waliokota viwavi vya kitoweo chini yake, na sala zangu nitazisali kwenye mashimo ya miche. Sitakaa kivulini mwake, najua. Apandaye si lazima ale.

Nilidhani nitakwenda peke yangu. Mama yenu Georgette hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria: "Njo nani alikuambia utaenda weye peke? Miye nilishafunga bilamba tangu jana." Na kweli, furushi la nguo zake lilikuwa tayari mlangoni.

Sasa shikeni haya. Bertin, vyumba vya mbele ni vyako. Marlène, vya nyuma na kiwanja chake. Na mwenye kuuza upande wake bila mwenzake kukubali, ameniuza mimi. Ile kesi ya ukuta na jirani Dominique msiifufue, jana tumeimaliza kwa bia. Msiniletee zawadi, nileteeni wajukuu wakati wa mvua, na majembe yao. Nikifa, nizikeni kulekule kilimani.

Nishike bega, Bertin. Hapana, si huzuni, ni furaha. Inameni niwabariki. Mungu awape nyumba zenye kelele, na mvi zikiwajia, awape... awape hamu ya kuamka asubuhi. Nendeni kwa amani, wanangu.

Ah, nimekosea. Ninyi kaeni. Anayekwenda ni mimi.